Mfuatamtu

"Hilo si jina la mmea," Karani alisema.

Ilikuwa mara ya tisa tangu asubuhi. Sekela alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika mbele ya kisanduku kile shina la jani lenye vimbegu vyeusi vya kunata, kana kwamba anambembeleza mbuzi mgonjwa ale. Vimbegu vilikwisha kuhamia kwenye mkono wa sweta lake. Nje, mvua ya Rungwe ilipiga bati taratibu, mvua ya kule ambayo haijali kama wewe una haraka.

"Mama," alisema, akijitahidi sauti isipande, kwa maana aliyekuwa akizungumza naye ni mama mkwe wake, na mama mkwe hapandishiwi sauti hata nyumba ikiwaka moto. "Ukisema 'hili hapa', yeye haelewi. Hana macho huyu. Ana masikio matupu. Inabidi jani ulitaje jina."

Bi Tumpale hakuinua kichwa. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, ungo wa maharage mapajani, akichambua. Ana miaka sabini na tisa, na bado anamwona mdudu aliyejificha ndani ya harage.

"Jina nimelitaja," alisema. "Mfuatamtu."

Taa ya Karani ikawa ya kijani kwa furaha. "Mfuatamtu. Jina limo katika Daftari. Asante, shahidi. Majiko thelathini na moja yanaendelea kupika."

"Yasiendelee!" Sekela alifoka.

"Ofisa si shahidi," Karani alijibu kwa ule upole wake unaochefua. "Shahidi akipenda kusahihisha, ataje jina la mmea analolitumia."

Ungekuwa wewe, ungekitupa kisanduku kile mvuani. Sekela naye aliwaza hivyo, tena si mara moja. Lakini kukitupa kusingesaidia kitu, kwa kuwa Karani mwenyewe hakuwa ndani ya kisanduku. Alikuwa kwenye kila zahanati, na kila zahanati ilikuwa na jiko lake la dawa, na jiko halihitaji jani. Hilo ndilo lililowafanya watu wayapende majiko. Linahitaji jina tu. Mganga anakaa mbele ya Karani, anataja mmea, anaeleza unatibu nini na unachemshwaje. Karani analipeleka jina kwenye Daftari la Mitishamba, Daftari linatafuta ni chembe zipi zimo ndani ya mmea huo, na jiko linazitengeneza chembe hizo kwa hamira ndani ya mapipa, lita kwa lita, bila mtu kuinama kuchuma hata ukoka.

Homa ya bonde ilipoingia mwezi wa tatu na dawa za hospitali zikashindwa, ni Bi Tumpale aliyeanza kuchemsha jani lake. Siku ya pili homa ilikuwa inashuka. Wanawake wakachuma kwa magunia, wakachemsha kwa masufuria ya harusi, watu zaidi ya mia mbili wakapona, na magugu yote ya njiani yakaisha mpaka mbuzi wakalalamika. Kata za mbali nazo zikaomba dawa. Ndipo Sekela, ofisa wa Daftari, akamleta Karani nyumbani kwa mama mkwe wake mwenyewe, kifua mbele. Bi Tumpale alizungumza dakika arobaini, vizuri ajabu. Na kila alipofika kwenye jani, alisema mfuatamtu.

Jina lake ni kishona nguo. Kila mtoto wa shule analijua, na kila mtoto wa shule amewahi kurudi nyumbani soksi zimejaa vimbegu vyake. Lakini baba mkwe wa Bi Tumpale alikuwa fundi cherehani, na mlima mzima ulimwita Kishona, hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Na kwao mke hataji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Basi katika nyumba ile, kwa miaka hamsini na minane, nguo hazikushonwa. Ziliunganishwa. Fundi cherehani aliitwa mtu wa sindano. Na lile gugu likawa mfuatamtu, kwa sababu vimbegu vyake hukufuata hadi nyumbani. Sekela alikuwa ameolewa humo miaka kumi na mitano, na yeye mwenyewe alisema mfuatamtu bila kuwaza. Siku ile ya Karani alilisikia neno hilo dakika arobaini nzima na sikio lake halikushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote, kwamba kosa lilikuwa lake.

Maana huko pwani, mganga mwingine, mzee wa watu asiye na hatia, alikwisha kumwambia Karani kwamba kwao mfuatamtu ni mzizi wa kusafisha tumbo. Unamfuata mtu hadi chooni.

Tangu Jumatatu majiko thelathini na moja yalikuwa yanapika dawa ya kuhara kwa ajili ya watu ambao homa ilikuwa imeshawakausha maji mwilini. Na kanuni ya Daftari ilikuwa fupi. Neno la shahidi haliguswi ila na shahidi mwenyewe, kwa sauti yake, kwa jina analolitumia. Picha hazikubaliwi, wala maandishi, kwani vyote viwili vilighushiwa mno zamani hizo mpaka vikakosa maana. Mtu mwingine akitia shaka, shauri huenda kwenye kamati. Kamati hukaa siku kumi na nne, na kwa siku hizo kumi na nne kila kitu hubaki kama kilivyo.

Sekela alikwisha kuzipigia simu zahanati zote. Tisa zilikubali kuimwaga dawa. Kumi na tatu zilisema Karani hakosei, na ofisa ajiangalie. Tisa nyingine hazikupokea kabisa.

"Mama, tafadhali," alisema. "Mara moja tu."

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," Bi Tumpale alisema, akatupa harage bovu nje ya mlango.

*

Simu ililia. Alikuwa Wen Yulan, mfamasia wa Guangxi, mwenzake Sekela katika Daftari. Alikuwa amesoma Morogoro miaka sita na Kiswahili chake kilikuwa cha Morogoro, jamani zake zote zikiwa mahali pake. Ni yeye aliyegundua kosa alfajiri ya siku hiyo, alipoona orodha ya chembe zilizomo katika majiko ya Rungwe na kujiuliza kwa nini Watanzania wanatibu homa kwa kuharisha.

"Dada Sekela, bado tu?"

"Bado. Tumefika 'hili hapa' ya tisa."

"Jamani. Hebu niweke kwenye spika nimsalimie. Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko China?"

"Huku ni alasiri, bibi. Tumeshinda salama. Bibi, hilo jani hata kwetu lipo. Bibi yangu mimi alikuwa anatuchemshia tukishikwa na homa. Linajiotea tu pembeni ya mashamba ya mpunga, hakuna anayelipanda. Tunaliita sindano ya mzimu."

Vidole vya Bi Tumpale vikasimama juu ya ungo. "Sindano ya nani?"

"Ya mzimu, bibi. Si unapita zako njiani, huoni mtu, ukifika nyumbani nguo imechomwachomwa? Wazee wanasema mzimu umekupitishia sindano."

Bi Tumpale alicheka. Alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga, na Sekela, pamoja na hasira zake zote, akajikuta anatabasamu.

"Ya mzimu!" mama mkwe alisema. "Naye alikuwa mtu wa sindano. Tena ni marehemu. Sekela, hawa watu wamemjuaje baba?"

Sekela aliona mlango umefunguka, akajitosa. "Mama, hilo jina unaweza kulisema?"

"Nishindwe nini? Si lake hilo." Akageukia kisanduku, akasafisha koo, akatamka kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani. "Hilo jani ni sindano ya mzimu."

Taa ikawa nyekundu. "Jina si la shahidi. Limesikika ndani ya chumba hiki dakika mbili zilizopita kutoka kwa mtu mwingine. Shahidi ataje jina analolitumia."

Sekela alivua kandambili akaitupa ukutani. Ilipiga kalenda ya ushirika wa chai, kalenda ikaanguka nyuma ya kabati, na hakuna aliyeifuata.

Walijaribu jina la kitaalamu. Bi Tumpale alilifanyia mazoezi kwa uvumilivu mkubwa, bidensi pilosa, bidensi pilosa, na Karani akajibu kwamba shahidi anafundishwa. Walijaribu kueleza, lenye maua meupe na moyo wa manjano, majani yenye meno, na Karani akasema mimea mia nne na kumi inalingana na maelezo hayo, je, aisome orodha? Sekela akauliza jina la kilugha, ingawa jibu alilijua.

"Kwa kilugha ndiyo mbaya zaidi," Bi Tumpale alisema. "Ni jina la mama yake marehemu baba."

Kutoka kwenye simu Wen alishusha pumzi ndefu. "Bibi, nikuambie kitu. Na sisi zamani tulikuwa hivyo hivyo. Mwandishi akifika kwenye jina la mkubwa, anaacha mstari mmoja wa herufi bila kuumalizia. Msomaji anaelewa, na heshima inabaki palepale. Huwezi kulisema likapungua kidogo?"

Bi Tumpale alilitafakari jambo hilo kwa haki. Hakuwa mtu wa kukataa kitu kwa kuwa ni kigeni.

"Mwanangu," alisema, "wewe nikikuita kwa nusu ya jina lako, si utaitika?"

"Nitaitika, bibi."

"Basi na yeye ataitika."

*

Simu iliyofuata Sekela aliipokelea barazani, mlango ameufunga nyuma yake. Ilikuwa ya Lugano, mhudumu wa zahanati ya Isongwela, kijana aliyeimwaga dawa mara tu alipoambiwa, bila kuuliza karatasi.

"Dada, nina wagonjwa kumi na saba," alisema. "Nimemwaga, lakini walishakunywa tangu juzi. Dripu zimebaki nne. Yule dada mjamzito niliyekuambia asubuhi, Tupokigwe, sasa hivi hatambui watu. Na ng'ambo ya mto hawajamwaga. Wanawanywesha mpaka sasa hivi ninavyoongea na wewe."

"Nashughulikia, Lugano."

"Unashughulikia nini, dada? Samahani, lakini si una barakoa ya sauti? Una waya wa fundi. Sema wewe kwa sauti ya bibi, mambo yaishe. Nani atajua?"

Sekela aliingiza mkono mfukoni. Barakoa ya sauti alikuwa nayo, na nani hana. Hata watoto walikuwa wakiichezea kwenye simu, wakiwapigia walimu kwa sauti za baba zao. Masikio ya Karani yaliweza kuigundua ikipita hewani. Lakini ikiingizwa kupitia waya ambao maofisa walipewa kwa ajili ya matengenezo, ambao ukichomekwa huziba masikio yake ya chumbani, hakuweza, na Sekela alikuwa na waya huo mfukoni tangu asubuhi. Alikuwa ameushika mara kadhaa.

Babu yake, mzaa mama, alikuwa mganga wa macho. Kampuni moja ilimrekodi akitoa salamu msibani, maneno machache tu, na kutokana na salamu hizo ikatengeneza saa tatu za babu akisifu dawa ya matone ambayo hakuwahi kuiona. Watu kumi na mmoja walipofuka. Na wote kumi na mmoja, au ndugu zao, walikuja kulia uani kwake, maana walimjua, na redioni walikuwa wamemsikia kwa masikio yao. Babu aliapa mpaka akachoka kuapa. Miaka miwili ya mwisho ya maisha yake hakuzungumza na mtu, alikuwa akiashiria kwa mkono. Kwa ajili ya watu kama yeye ndipo Daftari likaanzishwa, na kwa ajili yake Sekela akaomba kazi humo. Kanuni iliyokuwa inamtesa asubuhi hiyo aliipenda. Alikuwa ameifundisha kwa wengine.

"Nitakupigia," alimwambia Lugano, akakata.

Alirudi ndani. Mama mkwe alikuwa amemaliza maharage na alikuwa anayapepeta, kwa utulivu, kama siku nyingine yoyote. Utulivu ule ndio uliomshinda Sekela.

"Heshima yako inaua watu, mama," alisema.

Maji yakimwagika hayazoleki. Neno lilibaki pale katikati ya chumba, na katika miaka kumi na mitano ya ndoa hakuwahi kumtupia mama huyu hata nusu ya neno la namna ile. Akaendelea, kwa kuwa aliyekwisha kulowa haogopi mvua. "Isongwela kuna watu kumi na saba. Kuna mjamzito hajitambui. Marehemu amekufa miaka thelathini iliyopita. Hasikii! Nimechoka, mama. Kila siku, nguo imeunganishwa, nguo imeunganishwa, mpaka nami nikawa siwezi kusikia neno likipita mbele yangu. Desturi gani hii?"

Bi Tumpale aliweka ungo chini. "Kaa," alisema.

Sekela akakaa.

"Nilipoolewa hapa nilikaa miaka minne bila mtoto. Mama mkwe akataka nirudishwe kwetu. Walikaa kikao, huko nje, mimi niko humu jikoni. Mkwe hatazamani na mkwe, kwa hiyo baba sikuwahi kumwona uso vizuri. Lakini sauti niliisikia. Alisema, 'Huyu ni binti yangu. Akirudishwa, na mimi nahama.' Basi. Hakusema zaidi, na hakuna aliyelileta tena jambo hilo. Miaka miwili baadaye nikamzaa mumeo."

Alijipangusa vumbi la maharage mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Ningempa nini mtu kama yule? Kupika, wake wote wanapika. Kulima, wote wanalima. Nikaona kuna kitu kimoja. Kila mtu alikuwa anamtaja. Watoto wanamtaja, kanisani wanamtaja, walevi wanamtaja wakipita. Desturi yenyewe wenzangu waliiacha zamani, Sekela, wote, hata mke wa mdogo wake. Mimi sikuiacha. Hii si desturi. Ni zawadi yangu kwake. Sina nyingine."

 Miaka yote Sekela alikuwa amedhani anaishi na bibi mshika mila, na alikuwa amemvumilia hivyo, kwa uvumilivu wa msomi. Alijisikia mjinga. Bado alikuwa na hasira, ila sasa hakujua aielekeze kwa nani, labda kwa kile kisanduku tu kilichokuwa kinasubiri na kataa kake kakiwaka.

Bi Tumpale aliusogeza ungo kando.

"Huyo binti mjamzito," Bi Tumpale aliuliza. "Aliyempeleka zahanati ni nani?"

"Mama mkwe wake. Lugano aliniambia asubuhi. Alimbeba mgongoni kutoka bondeni."

"Mgongoni?"

"Ndiyo, mama."

Bi Tumpale hakuuliza tena. Alishika fremu ya mlango, akajiinua, akatoka kwenda uani.

*

Aliponawa uso na mikono kwa maji ya mvua, alirudi na kanga ya pili, ile ya sandukuni, ambayo haitoki ila kwa msiba au ubatizo. Akajifunika kichwa mpaka usoni, kama anavyojifunika bibi arusi baba mkwe anapopita. Hakupiga magoti mbele ya Karani. Alipiga magoti akielekea upande wa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mahali ambapo pengine aliwahi kuisikia ile sauti.

Sekela hakuthubutu kusogea. Alitamani kumwambia acha, mama. Akatamani pia kumwambia fanya haraka.

"Baba," Bi Tumpale alisema ndani ya kanga. "Unisamehe. Kuna mtoto wa watu."

Halafu akasema. Lilitoka dogo sana, chini ya mvua, maneno mawili ambayo mtoto wa darasa la kwanza huyapiga kelele akikimbia. Alitamka *sho* kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua. Sekela alisikia kila herufi. Machozi yalimtoka papo hapo, na hakujishughulisha kuyafuta.

Taa ikawa ya manjano.

"Sauti haikusikika vizuri," Karani alisema. "Rudia, tafadhali."

Mabega chini ya kanga yalishtuka. Bi Tumpale alivuta pumzi, akafungua mdomo, na Sekela aliona kitambaa kikiingia na kutoka kwa pumzi, kikiingia na kutoka, na hakuna neno lililofuata.

"Rudia, tafadhali."

"Baba..." Bi Tumpale alianza. Akaishia hapo.

"Shahidi hajajibu. Rudia, tafadhali."

Kama ni hasira, zile za asubuhi zilikuwa za mchezo. Sekela alitoa waya mfukoni akauchomeka nyuma ya kisanduku kwa nguvu mpaka kikasogea. Alifungua barakoa kwenye simu, akachagua dakika arobaini za mama mkwe wake, akasubiri kialama kizunguke na kutulia. Aliwaza watu kumi na mmoja uani kwa babu. Aliwaza hivyo kabisa, kwa majina, watatu aliokuwa anawakumbuka. Kisha akainamia simu, akasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde.

"Kishona nguo! Jina la jani ni kishona nguo. Mfuatamtu si jina lake. Futa mfuatamtu. Kishona nguo."

Taa ya kijani.

"Kishona nguo. Jina limepokelewa. Asante, shahidi. Majiko thelathini na moja yamesimama. Mapipa yanasafishwa. Dawa mpya itakuwa tayari baada ya saa sita."

Mvua ilikuwa palepale. Sekela alichomoa waya. Simu ilikwisha kuanza kuita, bila shaka Lugano, bila shaka Wen, na zile zahanati kumi na tatu zikitaka kujua kwa nini jiko limezimika. Aliiacha iite.

Bi Tumpale alifunua kanga usoni. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa saa moja nyuma.

"Nani amemtaja?" aliuliza.

"Mimi, mama. Nimesema mimi kwa sauti yako."

"Na langu je?"

"Halikusikika. Halikuandikwa popote."

Bi Tumpale alimtazama machoni, kwa muda mrefu. "Na wewe? Hukusikia?"

Sekela alielekeza kidole juu, kwenye bati. "Mvua ilikuwa nyingi, mama."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea zawadi na kuijua bei yake. Alinyoosha mkono, Sekela akaushika, wakainuana.

"Sauti nyingine imesikika chumbani," Karani alisema.

Walisimama.

"Sekela Mwasubila, ofisa wa Daftari. Maneno yake ni haya, 'Nimesema mimi kwa sauti yako.' Maneno haya yanahusu ushahidi uliopokelewa dakika mbili zilizopita. Yakiingizwa, shauri litakwenda kwenye kamati kwa siku kumi na nne, na kwa siku hizo kila kitu kitabaki kama kilivyo. Ofisa atasimamishwa kazi leo. Yasipoingizwa, yatafutika. Je, yaingizwe?"

Kila kitu kitabaki kama kilivyo. Majiko yatabaki na jina sahihi siku kumi na nne, na katika siku kumi na nne watu watakuwa wamepona, na wataalamu wanaweza kuja na maabara zao kuthibitisha jani wanavyopenda. Hilo alilielewa mara moja. Alielewa pia kwamba hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kunyamaza tu. Kughushi sauti ni miaka saba jela, na mumewe alikuwa hajui lolote, yuko shambani, atarudi akiuliza chakula.

Lakini akinyamaza, ndani ya Daftari kutabaki sauti moja ya uongo, na itakuwa ya mama huyu.

"Sekela, kinasema nini hicho?" Bi Tumpale aliuliza. "Kinataka nini tena?"

"Kinauliza kama ni kweli nilichokuambia, mama."

"Si ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi kijibu, kituache tupike."

Sekela aligeukia kisanduku. Sauti ilitoka nyembamba.

"Ingiza," alisema.

Karani akamwomba arudie. Akarudia.